John Hunter: Alikatika kano ya kisigino kwenye dansi, akagoma kulala kitandani

MACHI 14, 2010, Uwanja wa San Siro, jijini Milan. Mechi ya AC Milan na Chievo inaelekea ukingoni. David Beckham yuko na mpira, hakuna beki aliyemkaribia, hakuna aliyemchezea rafu. Ghafla mguu wa kushoto unagoma. Anachechemea hatua mbili tatu, anatolewa kwa machela, machozi yanamtoka. Siku iliyofuata yupo Turku, Finland, kwenye kitanda cha upasuaji. Fainali za Kombe la Dunia kule Afrika Kusini alizitazama kutoka benchi la England akiwa amevaa suti.

Kilichokatika ni kano ya kisigino, ile kamba nene inayoshuka kutoka kwenye kigimbi na kujishikiza kwenye mfupa wa kisigino. Madaktari wanaiita kano ya Achilles, kwa jina la yule shujaa wa hadithi za Wagiriki aliyechovywa mtoni na mama yake ili asidhurike na silaha yoyote. Mama alimshika kisigino, maji hayakufika hapo, na hapo hapo ndipo mshale ulipokuja kummaliza. Ni kano nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini. Bila hiyo husimami kwa ncha za vidole, huruki kupiga kichwa, huchomoki kumkimbiza winga.

Na usidhani ni ugonjwa wa mastaa tu. Nenda kwenye bonanza lolote la maveterani Jumapili asubuhi, utamkuta mmoja anayechechemea. Kano hii inawapenda sana wanaume wa miaka thelathini na kitu, arobaini na kitu, wale wenye mazoezi yao ya kila wiki, wanaoamini mwili bado ni ule ule wa zamani. Wengi wao wanasimulia kitu kimoja: walihisi kama mtu amewapiga teke au amewarushia jiwe nyuma ya mguu, wakageuka kumtafuta, nyuma hapakuwa na mtu.

Leo safu hii haimzungumzii straika wala kipa. Inamzungumzia daktari wa Kiskoti aliyefariki mwaka 1793, miaka 70 kabla hata Chama cha Soka cha England hakijaanzishwa. Hakuwahi kuiona kona wala penalti. Lakini mchezaji yeyote anayetembea leo na buti la matibabu lililoinuliwa kisigino, anatembea kwenye wazo ambalo huyu bwana alilijaribu kwenye mguu wake mwenyewe. Jina lake John Hunter.

MTOTO WA MWISHO, SHULE HAPANA

Hunter alizaliwa Februari 1728 kwenye shamba la Long Calderwood, karibu na mji wa East Kilbride, Scotland. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto kumi. Shule haikumkaa kabisa. Alipenda kuzurura porini, kuangalia ndege, mchwa na viluwiluwi, kuuliza maswali ambayo watu wazima hawakuwa na majibu yake. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 13, na shule nayo ikaishia karibu na hapo. Kwa muda alikaa Glasgow kwa shemeji yake aliyekuwa fundi wa samani, akashika randa na patasi. Kazi ile nayo haikudumu.

Mwaka 1748, akiwa na miaka 20, akapanda farasi kwenda London. Kaka yake, William Hunter, alikuwa tayari daktari mwenye jina, amefungua darasa la kufundisha maumbile ya mwili wa binadamu eneo la Covent Garden. William alihitaji mtu wa kumwandalia maiti za kufundishia. Akampa mdogo wake mkono wa maiti, amtenganishie misuli. Yule kijana aliyeshindwa shule akaufanya ule mkono vizuri hadi kaka akashangaa. Hapo ndipo alipopata namba yake, na hakutoka tena kikosini.

Kazi yenyewe haikuwa safi, tuseme ukweli. Maiti zilikuwa hazitoshi, na nyingi ziliibwa makaburini usiku. Hunter alijuana na wezi hao na aliwalipa. Ukimsifia bila kulitaja hilo unakuwa unadanganya wasomaji.

Kwa miaka zaidi ya kumi alipasua, akachora, akahifadhi. Alijifunza pia chini ya wapasuaji wakubwa wa London wakati ule, William Cheselden na Percivall Pott. Kisha akaenda vitani. Mwaka 1761 alikuwa daktari wa jeshi la Waingereza lililoshambulia kisiwa cha Belle Île, pwani ya Ufaransa. Kawaida ya madaktari wa wakati ule ilikuwa ukipigwa risasi, jeraha linapanuliwa kwa kisu, vidole vinaingizwa, risasi inasakwa mpaka ipatikane. Wagonjwa walikufa kama nzi. Hunter akakutana na askari kadhaa wa Kifaransa waliokuwa wamejificha siku kadhaa wakiwa na risasi mwilini bila kuguswa na daktari. Hali yao haikuwa mbaya kuliko ya waliotibiwa. Akaanza kuwaacha majeruhi wake bila kuwachokonoa. Wenzake walimwona wa ajabu.

Lishike hilo, maana ndilo alilokuja kulifanyia mguu wake: mwili unajua kujishona, kazi ya daktari ni kuusaidia na kutouvuruga.

USIKU WA DANSI

Aliporudi London mwaka 1763 hakuwa na fedha wala hospitali. Akafanya kazi na daktari wa meno, akafundisha wanafunzi wachache, akaanza kupanda taratibu. Ratiba yake ilikuwa ya kichaa. Kabla ya saa 12 asubuhi yuko kwenye meza ya kupasulia, saa 3 anapata kifungua kinywa, kisha wagonjwa mpaka mchana, kisha kuwazungukia wengine majumbani. Jioni analala saa moja, halafu anaandika na kufundisha hadi usiku wa manane au kupita. Usingizi wake wa usiku ulikuwa kama saa nne hivi. Ukiongeza na wanyama aliokuwa akiwafuga kwenye nyumba yake ya Earl's Court, unaelewa ni mtu wa namna gani. Inasimuliwa kwamba siku moja chui wake wawili walichoropoka wakaanza kupigana na mbwa. Hunter akatoka mikono mitupu, akawakamata, akawarudisha bandani. Alipotulia na kutafakari alichokifanya, nusura azimie.

Basi mwaka 1767, akiwa na miaka 39, ndiyo ikamkuta. Ulikuwa mwaka wake mzuri, kwani mwezi Februari alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, klabu kubwa ya wanasayansi wa Uingereza. Alikuwa anacheza dansi. Usicheke. Dansi za wakati ule zilikuwa mazoezi kamili: kuruka, kutua kwa ncha za vidole, kuruka tena, kisigino hakigusi chini. Ukitaka kuitesa kano ya Achilles huwezi kubuni zoezi bora kuliko hilo. Misuli ya kigimbi ilikuwa imeshambana, naye akaendelea.

Ikakatika. Kwa maelezo yake mwenyewe, alihisi kama kitu kimempiga kwenye kigimbi na kuanguka sakafuni, akainama kukitafuta. Hakuona kitu. Ni hadithi ile ile ya maveterani wetu wa Jumapili, miaka zaidi ya 250 iliyopita.

Sasa fikiria nafasi aliyokuwa nayo. Mpasuaji anafanya kazi amesimama. Hunter hakuwa na mshahara wa hospitali, hakuwa na urithi, alikuwa na uchumba wa muda mrefu ambao hajaufikisha kwenye ndoa. Akibaki kilema, wagonjwa wanahamia kwa mwingine na London inamsahau. Na vitabu alivyosoma havikumpa matumaini makubwa. Tangu enzi za kale madaktari waliogopa kuzigusa kano, wakiamini ukiichoma au kuishona mgonjwa anaweza kupata degedege akafa.

Alikuwepo mmoja wa kumuiga. Alexander Monro, mwalimu wa maumbile ya mwili kule Edinburgh, alikatika kano ile ile mwaka 1726. Alijitengenezea kiatu laini chenye mkanda uliopanda kutoka kisigino hadi kwenye kigimbi, ili unyayo uelekee chini muda wote, na baadaye akavaa viatu vya kisigino kirefu kwa muda mrefu. Alipona na akaandika alivyofanya.

Hunter akachukua wazo hilo na kulirahisisha. Alifanya mambo mawili. La kwanza, aliinua kisigino. Hesabu yake ni nyepesi: kano ikikatika unabaki na ncha mbili, ya juu inavutwa na kigimbi, ya chini imebaki kwenye mfupa. Unyayo ukikaa bapa, ncha zinaachana. Kisigino kikiinuka na vidole vikielekea chini, ncha zinasogeleana. La pili, alizungushia kigimbi bendeji, akaibana kiasi. Lengo halikuwa kufunika kidonda, maana kidonda cha nje hakikuwepo. Lengo lilikuwa kuutuliza msuli usishtuke. Hunter alijua mchana mtu unaweza kuuamuru mguu wako utulie, lakini usiku ukiwa umelala misuli inabana yenyewe bila kukuomba ruhusa, na mvuto mmoja wa namna hiyo unaweza kuachanisha kilichoanza kuungana.

Baada ya hapo akagoma kulala. Hakujifungia kitandani, alitembea na kiatu chake kilichoinuliwa, pole pole, bila kuusukuma mguu kwa vidole. Akapona. Mwaka uliofuata, 1768, alichaguliwa kuwa mpasuaji wa Hospitali ya St George's, nafasi aliyokuwa akiililia.

ALITAKA KUONA NDANI

Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kuendelea na maisha. Hunter alitaka kujua ndani kumetokea nini. Mguu wake hakuweza kuupasua, basi akageukia mbwa.

Alichukua sindano nyembamba iliyotumika kutibu mtoto wa jicho, akaipitisha kwenye tundu dogo la ngozi na kuikata kano ya kisigino cha mbwa bila kufungua jeraha kubwa. Kisha akawaua wale mbwa kwa nyakati tofauti, mmoja baada ya muda mfupi, mwingine baada ya muda mrefu zaidi, akaangalia kano imefikia wapi. Ni ukatili, na leo hakuna kamati ya maadili ingempitishia. Lakini alichokiona kilikuwa kipya. Pale kati ya ncha mbili panajaa damu na ute, ute unageuka nyama laini, nyama laini inakomaa taratibu kuwa uzi mgumu unaoshika huku na huku. Akaona inafanana na mfupa uliovunjika bila kutoboa ngozi unavyojiunga. Na hewa ya nje isipoingia, hapaozi.

Sehemu hii ndiyo inayomhusu moja kwa moja mtu yeyote wa mazoezi anayeuguza kisigino. Kile kipande kipya kinashika mapema, lakini kushika na kuwa imara ni vitu viwili tofauti. Kikivutwa mapema mno kinarefuka kama mpira wa manati uliochoka. Unapona, maumivu yanaisha, ila kano imekuwa ndefu na kigimbi hakina tena nguvu ya kukuinua. Ndiyo maana unawaona wachezaji wanarudi mazoezini, wanakimbia vizuri tu, lakini ule mchomoko wa kwanza haupo. Na kigimbi kikifungwa muda mrefu bila kazi yoyote kinakonda. Kwa hiyo mgonjwa anatembea kwenye kamba nyembamba: akizidisha anaharibu, akilala moja kwa moja anaharibu pia. Hunter alitembea kwenye kamba hiyo bila kipimo chochote zaidi ya akili yake.

Baada yake dunia ilizunguka sana. Kwa miaka mingi mgonjwa alifungwa plasta ngumu, ile watu wanaiita muhogo, wiki nyingi unyayo ukielekea chini, haruhusiwi kuukanyagia. Halafu kisu kikashika hatamu, kila mtu ashonwe. Sasa mambo yamerudi karibu na pale alipokuwa Hunter. Wagonjwa wengi wanapewa buti lenye vipande vya kuinua kisigino, wanaruhusiwa kukanyaga mapema, na kila baada ya muda kipande kimoja kinatolewa mpaka unyayo unakaa bapa. Utafiti mkubwa uliofanyika Norway na kuchapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia wagonjwa 526. Baada ya mwaka mmoja, walioshonwa na wasioshonwa walijieleza hali zao kwa kiwango kile kile. Tofauti ilikuwa kwenye kukatika tena: asilimia 6.2 kwa wasioshonwa, asilimia 0.6 kwa walioshonwa. Upande wa pili, kisu kilikuwa na majeraha zaidi ya mishipa ya fahamu. Unaona basi kwa nini mchezaji wa kulipwa bado anakimbizwa kwenye upasuaji na mwalimu wa shule anayecheza bonanza anaweza kuambiwa buti linatosha.

Jambo moja kwa maveterani, kabla hatujaendelea. Ukisikia ule mpigo nyuma ya mguu, usikubali kuambiwa umeteguka tu ukakandwe maji ya moto na kuchuliwa. Lala kifudifudi, miguu ikining'inia ukingoni mwa kitanda, mwenzako akuminye kigimbi. Mguu mzima unyayo utacheza. Usipocheza, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ncha zikikaa wiki kadhaa bila kusogezwa karibu, tiba inakuwa ngumu mara mbili.

Wale mbwa waliwafaa na watoto pia. Miaka ya 1830 daktari wa Kijerumani, Georg Stromeyer wa Hanover, alianza kuikata kano ya kisigino kupitia tundu dogo la ngozi ili kunyoosha miguu kifundo. Mmoja wa wagonjwa wake alikuwa daktari Mwingereza, William John Little, aliyenyooshwa mguu mwaka 1836 na kuipeleka mbinu hiyo London. Hadi leo watoto wachanga wanaozaliwa na miguu kifundo, wakiwemo wanaotibiwa CCBRT pale Msasani, wengi wao wanakatwa kano hiyo kwa tundu dogo baada ya kufungwa plasta mfululizo. Inaachwa ijiunge yenyewe. Ndani ya wiki chache imeshika, tena ikiwa ndefu kama inavyotakiwa. Hapo urefu ndiyo dawa.

MGUU WA DEREVA

Kama kuna mechi moja ya Hunter ya kuitazama tena na tena, ni ya Desemba 1785. Mgonjwa alikuwa dereva wa gari la farasi, miaka 45, ana uvimbe mkubwa unaodunda nyuma ya goti. Ulikuwa mshipa mkubwa wa damu uliotanuka kama puto, na siku ukipasuka ni kifo. Uchaguzi wa wakati ule ulikuwa miwili: kukata mguu juu ya goti, au kuupasua uvimbe wenyewe na kujaribu kuufunga, jambo ambalo wengi hawakulivuka salama.

Hunter hakuugusa uvimbe. Akapanda juu, katikati ya paja, mahali ambapo mshipa bado ni mzima, akaufunga pale pale. Wasiwasi wa kila mtu ulikuwa mguu utakosa damu uoze. Yeye aliamini mishipa midogo ya pembeni itatanuka na kubeba kazi ya mkubwa, kama magari yanavyopita mitaani barabara kuu ikifungwa. Ikawa hivyo. Mguu ulibaki na joto, uvimbe ukanywea, na baada ya wiki sita hivi dereva akatoka hospitali kwa miguu yake miwili. Mwaka 1787 alikufa kwa homa isiyohusiana na upasuaji. Hunter akaupata ule mguu, akaupasua, akaona kweli njia za pembeni zimefunguka. Akauhifadhi. Njia ile ya paja inayopitiwa na mshipa huo madaktari wanaiita mfereji wa Hunter mpaka leo.

Wanafunzi wake walikuwa kikosi cha dhahabu. Edward Jenner aliishi nyumbani kwake kuanzia mwaka 1770, akabaki rafiki yake maisha yote. Hunter alimsukuma ajaribu mambo badala ya kukaa anayawaza, na Jenner ndiye aliyekuja kutuletea chanjo ya ndui.

DOA NA HASIRA

Upande wa giza ni mzito. Mwaka 1783 alifariki London Charles Byrne, kijana wa Ireland aliyekuwa maarufu kwa urefu wake usio wa kawaida. Byrne alijua Hunter anaitaka mifupa yake, na aliomba azikwe baharini ili asimpate. Hunter alihonga watu, akaupata mwili, akauchemsha, na mifupa ikawekwa kwenye kabati la makumbusho yake. Ilisimama pale zaidi ya miaka 200. Unaweza kumheshimu Hunter kwa kisigino na kumlaumu kwa Byrne ndani ya pumzi moja. Sioni ugumu hapo.

Alimwoa Anne Home mwaka 1771, mshairi ambaye Haydn alitunga muziki kwa mashairi yake. Walizaa watoto wanne, wawili wakaishi. Fedha zote alizopata Hunter ziliingia kwenye makumbusho: wanyama, mifupa, viungo kwenye chupa, jumla vitu karibu 14,000.

Moyo wake ndio ulioanza kumsaliti. Tangu mwaka 1773 alikuwa akipata maumivu makali ya kifua, hasa akikasirika, na kukasirika kwake kulikuwa karibu sana. Mwenyewe alikuwa akikiri kwamba mtu yeyote mkorofi anaweza kumuua akiamua kumuudhi. Oktoba 16, 1793, alikwenda kwenye kikao cha bodi pale St George's kuwatetea vijana wawili kutoka kwao Scotland waliotaka kupokelewa kama wanafunzi. Mjumbe mmoja akampinga hadharani. Hunter akanyamaza, akatoka kuelekea chumba cha pili akijizuia, akaanguka. Alikuwa na miaka 65. Walipompasua walikuta mishipa ya moyo imekakamaa kama mfupa.

Alimwachia Anne madeni na makumbusho. Serikali ilikuja kuyanunua mwaka 1799 kwa pauni 15,000. Shemeji yake, Everard Home, alichukua maandishi yake, akayatumia kwenye kazi alizozitoa kwa jina lake mwenyewe, kisha mwaka 1823 akayachoma moto. Kijana msaidizi, William Clift, alikuwa amenakili sehemu yake kwa mkono usiku kwa usiku, na nakala hizo ndizo zilizobaki. Mwaka 1859 jeneza la Hunter lilitolewa kwenye Kanisa la St Martin-in-the-Fields na kuhamishiwa Westminster Abbey. Mei 1941 mabomu ya Wajerumani yaliharibu sehemu kubwa ya chupa zake. Makumbusho yalifunguliwa upya mwaka 2023 pale Lincoln's Inn Fields, London, na kabati la Byrne halipo tena kwenye maonyesho.